Nyuzi Laini

Haya yalimpata rafiki yangu, mtu asiyejua kutia chumvi. Alikwenda dukani kununua nyuzi za fidla ya bintiye. Binti alikuwa mahututi nyumbani, na daktari alisema kilichobaki kufanya kazi mwilini mwake ni masikio tu. Rafiki yangu, mama yake, alitaka binti aisikie fidla yake mara moja kabla hajaondoka duniani.

"Za chuma zina kelele," muuzaji alisema. "Hizi za utumbo wa kondoo ni laini. Kondoo kafa, lakini anaimba kunishinda mimi!"

Rafiki yangu alichukua zile laini.

"Badilisha mmoja mmoja, dada. Fidla haiachwi tupu."

Lakini alipofika nyumbani, kwa haraka yake, pale sebuleni, alizifungua nyuzi kuukuu zote. Hapo akasikia fidla ikipigwa chumbani kwa binti, polepole, wimbo wa kumbembelezea utotoni.

"Mwanangu?"

Fidla tupu aliyoipakata ilikuwa ikitetemeka. Wimbo ukakatika katikati.

Chumbani mapazia yalikuwa yamefungwa, giza tupu. Akaupapasa mkono wa kushoto wa binti, ule wa kubonyezea nyuzi. Ulikuwa umeshapoa. Ila kwenye kila ncha ya kidole palikuwa na alama ya uzi iliyobonyea, bado ina joto.