Kidonge cha Saa Sita Mchana

Majirani walimwita Mama Pacha. Alikuwa na mabinti wawili waliozaliwa siku moja, na sasa walikaribia kutimiza miaka miwili. Mmoja akilala, mwenzake anaamka. Mmoja akishiba, mwenzake analia njaa.

Mumewe alikuwa kinyozi. Chumba chake cha kazi kilitazamana na nyumba yao. Mara nyingi alinyoa wateja huku pacha mmoja amemng'ang'ania suruali.

Mama Pacha alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha mikate. Wiki moja aliingia alfajiri, akatoka saa nane mchana. Wiki iliyofuata aliingia saa nane mchana, akatoka saa nne usiku. Akirudi nyumbani alikuwa hoi, unga umemjaa hadi kwenye nyusi.

Alipowazaa mapacha alipoteza damu nyingi. Daktari alimwambia apumzike miaka kadhaa kabla ya kubeba mimba nyingine. Ndiyo maana alitumia vidonge vya uzazi wa mpango. Alimeza asubuhi akikumbuka. Akisahau, alimeza jioni. Jioni ikipita, alijiambia, "Haya, kesho."

Jumapili moja alikuja wifi yake, dada wa kinyozi. Mume wa wifi huyo alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Wifi alijitupa kwenye kiti.

"Wifi yangu, usinicheke. Nina mimba."

"Mimba? Si ulikuwa unameza vidonge?"

"Nilimeza! Vile vidonge ni danganya toto tu."

 Mama Pacha alihesabu kwa vidole. Siku zake zilikuwa zimechelewa. Siku moja, mbili, tatu... sita! Akachukua pakiti kutoka kwenye mkoba. Vidonge viwili vya wiki iliyopita vilikuwa bado vimekaa mahali pake, havijaguswa.

Wifi alipoondoka, Mama Pacha alivuka kwenda kwa mumewe. Kinyozi alikuwa anafagia nywele.

"Baba Pacha, funga mlango kidogo."

Kinyozi alimtazama usoni, akaacha ufagio. "Kuna nini?"

"Siku zangu zimepita. Naogopa."

Kinyozi aliketi polepole kwenye kiti cha wateja. Akamshika mkewe mkono.

"Watoto nawapenda, unajua. Lakini siku ile ulipojifungua nilisimama kwenye korido nikajua nakukosa. Sitaki kusimama pale tena upesi hivi. Kesho nafunga kazi. Tunakwenda kituo cha afya wote wawili."

"Wanaume huwa hawaendi kule."

"Basi watanishangaa. Mimi nimezoea kutazamwa kwenye kioo."

Mama Pacha alicheka, machozi yakamtoka.

Kesho yake walikwenda watatu, maana wifi naye alitaka kuanza kliniki ya ujauzito. Mapacha waliachwa kwa jirani. Muuguzi aliwapokea vizuri. Alimpima Mama Pacha shinikizo la damu, kisha akampima mkojo. Dakika zile chache zilikuwa ndefu kama mwaka. Kinyozi alikunja na kukunjua kofia yake.

"Kipimo hakionyeshi mimba," muuguzi alisema. "Lakini bado ni mapema. Siku zako zisipokuja ndani ya wiki mbili, rudi nikupime tena."

Kinyozi akauliza, "Dada, tuambie ukweli. Hivi vidonge vinazuia mimba, au tunajidanganya?"

Muuguzi alimgeukia Mama Pacha, ambaye alikuwa amemweleza kazi yake ya mikate. "Trei yenu kubwa inachukua mikate mingapi?"

"Midogo? Mia moja."

"Basi fikiria wanawake mia moja. Kila mmoja anameza kidonge kila siku, saa ile ile, bila kuruka. Mwaka ukiisha, pengine hakuna hata mmoja aliyepata mimba. Wakizidi sana, ni mmoja."

"Na sisi tunaosahau?"

"Hapo katika mia, kama saba hivi watapata mimba ndani ya mwaka. Dawa ni ile ile. Tofauti kubwa ni siku zilizorukwa. Na wasiotumia kinga yoyote kabisa, katika mia watapata kama themanini na tano."

"Lo!" kinyozi alisema. "Hiyo ni trei karibu nzima."

Wifi alikohoa kidogo. "Mimi sikusahau, dada. Nilikuwa nameza mume wangu akiwepo. Akisafiri, nalipumzisha tumbo."

Muuguzi hakumcheka. "Wengi hufanya hivyo, mama. Lakini kidonge hakifanyi kazi kama mwavuli, kwamba unaufungua mvua ikinyesha. Kinga yake hujengwa kila siku, mume awepo asiwepo."

"Na wanaosema vinakausha kizazi?" wifi aliuliza tena.

"Si kweli. Ukiacha kumeza, unaweza kupata mimba hata mwezi ule ule."

Kisha akawaeleza polepole. Ukisahau kidonge kimoja, kimeze mara tu unapokumbuka, uendelee kama kawaida. Ukisahau viwili au zaidi, meza kimoja mara moja, endelea kila siku, na mtumie kondomu kwa siku saba. Kama mmeshalala pamoja bila kinga, wahi kituoni kabla siku tano hazijapita, kwa sababu ipo dawa ya dharura. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, meza kingine. Ukipewa dawa za kifua kikuu au za kifafa, mwambie mhudumu kwamba unatumia vidonge, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hupunguza nguvu ya vidonge.

"Tena vidonge havizuii magonjwa ya zinaa," aliongeza. "Kondomu ndiyo inayozuia. Sasa, mama, saa gani uko macho kila siku, zamu yoyote?"

Mama Pacha alifikiri. "Asubuhi nyingine nalala. Usiku nachoka."

"Saa sita mchana," kinyozi alidakia. "Zamu ya alfajiri, huo ni muda wako wa mapumziko. Zamu ya mchana, bado uko nyumbani."

Muuguzi alitabasamu. "Baba huyu namwajiri."

Mama Pacha alitega kengele kwenye simu yake. Kinyozi naye akatega yake. Wiki ile walitumia kondomu. Siku ya nne, akiwa kazini, Mama Pacha alienda chooni, akatoka mbio kupiga simu.

"Baba Pacha, siku zangu zimekuja!"

Upande wa pili alisikia mumewe akishusha pumzi, kisha akimwambia mteja, "Samahani kaka, nipe dakika moja nifute macho."

Tangu hapo, ikifika saa sita, simu ililia pale kwa kinyozi katikati ya kunyoa.

"Nani huyo kila siku?" wateja waliuliza.

"Mke wangu anameza dawa yake. Nahakikisha."

Wengine walicheka. Wawili walirudi siku nyingine, wakamwuliza kwa sauti ya chini kituo kile kiko wapi.

Wifi alijifungua mtoto wa kiume mwenye afya. Safari hii hakutaka vidonge. "Mimi na kukumbuka hatuelewani," alimwambia muuguzi. Akachagua kipandikizi, kijiti kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono na kukaa miaka kadhaa.

Mama Pacha aliendelea na vidonge vyake kwa miaka mitatu. Damu yake iliongezeka, mashavu yakarudi. Mapacha walianza shule ya awali, wakigombania begi moja ingawa walikuwa na mawili. Ndipo yeye na mumewe walipokaa wakazungumza, wakaenda kupimwa na daktari, na Mama Pacha akaacha kumeza. Mwezi wa tatu baada ya hapo akapata mimba. Alihudhuria kliniki tangu mwanzo, akajifungulia hospitali, na safari hii damu haikumzidi.

Kinyozi aliruhusiwa kuingia. Alimpokea mtoto kwa mikono miwili, akamsogeza karibu na uso wa mama yake.

"Huyu," alisema, "tumemwalika wenyewe."

"Basi mkaribishe vizuri," Mama Pacha alimjibu. "Mgeni wetu amefika."