Vibati vya Bustani ya Mkunga

Mikono miwili ilishika kopo moja la soda.

Ilikuwa mchana wa mwisho wa mwezi, mbele ya duka kubwa la vyakula, na watu walikuwa wanapigana vikumbo mlangoni. Katikati ya zogo lile msichana mmoja alikuwa ameinamia pipa la taka. Si msichana wa kuokota taka, la. Sketi nyeusi iliyokubali pasi, blauzi ya rangi ya maziwa, hereni ndogo za lulu bandia, na manukato yaliyoshindana kiume na harufu ya pipa. Alilishika kopo tupu upande wa juu. Upande wa chini ulishikwa na mkono wenye vumbi la shaba kwenye kucha.

"Samahani dada, hilo nimeliona mimi kwanza."

"Wewe umeliona. Mimi nimelishika."

"Na mimi nimelishika."

"Basi achia."

Mwenye mkono wa shaba alikuwa kijana mrefu mwenye aproni ya ngozi na shati la bluu lililochoka kwenye kola. Kibanda chake kilikuwa palepale, ubavuni mwa duka, kimening'inizwa funguo toka juu hadi chini. Watu wote walimwita Fundi Funguo, na bati la kopo alilitaka kwa kukazia vitasa vilivyolegea.

"Na wewe je?" aliuliza. "Umevaa kama unakwenda kufungua benki, halafu unagombea kopo?"

"Natengeneza vibati vya maua."

"Vibati vya maua?"

Msichana akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyekwisha kuchekwa mara nyingi. Akaeleza hata hivyo. Unakata kopo kwa mkasi, unanyoosha bati, unaliweka juu ya gazeti lililokunjwa, kisha unaandika kwa kalamu iliyokwisha wino. Herufi zinazama kwenye bati. "Mbao inaoza. Plastiki inapasuka. Nikanunua kalamu wanayosema wino wake haufutiki. Jua likaufuta kabla mvua haijapata zamu."

"Kwani maua yenu yana majina?"

"Yana majina kuliko ukoo wako."

Fundi akacheka, akaachia kopo. Akaomba namba ya simu, eti ampigie makopo mengine yakipatikana. Mwongo mkubwa huyo, lakini namba akapewa.

Basi simu zikaanza.

"Haloo, Malkia wa Makopo."

"Sema, Fundi."

"Nimekuwekea mfuko mzima. Nimegombana na muuza vyuma chakavu kwa ajili yako."

"Umeumia wapi?"

"Moyoni."

"Pole. Hapa dukani tuna dawa ya kikohozi tu na ya minyoo." Msichana alikuwa anauza dawa kwenye duka la karibu na hospitali, na alisema haya huku mteja akimkodolea macho na cheti mkononi.

"Nipe ya minyoo basi. Kitu kinanitembea tumboni kila nikikupigia."

"Kata simu, mpenzi, watu wanangoja." Akashtuka kwa neno lililomtoka. Upande wa pili Fundi naye alishtuka, akakata ufunguo wa watu vibaya, ikabidi aanze upya.

Siku aliyopeleka mfuko wa makopo nyumbani kwao, Fundi alitarajia kukuta vichaka viwili vitatu. Nyumba ilikuwa ndogo, imebanwa na ukuta wa gereji upande mmoja na ngazi za ghorofa upande mwingine. Msichana akamwongoza kupitia jikoni, akafungua mlango wa nyuma, akasogea pembeni.

Fundi alivua kofia bila kujua kwamba ameivua.

Dalia zilikuwa zimechanua toka kizingitini hadi ukutani. Nyekundu za kukolea, za zambarau, za njano ya kiini cha yai, nyeupe zilizochovywa ncha kwenye waridi. Nyingine ndogo za mviringo kama vifungo vya koti, nyingine pana kuliko uso wa mtoto. Kila shina lilikuwa na kibati chake chini. Alichuchumaa akasoma: MTOTO WA LIFTI. KAJA NA MVUA. MAPACHA WA KINYOZI. WA SITA NA BADO.

"Hawa ni akina nani?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama yuko mahali pa ibada.

"Ni watoto wangu," ilijibu sauti kutoka kwenye kiti cha kamba.

Alikuwa mama mzito, mwenye kitambaa cheupe kichwani na miwani ya vioo vinene. Maisha yake yote alikuwa mkunga, akaipokea nusu ya mji ule ikiwa bado inalia. Dalia ya kwanza aliletewa na mama aliyejifungua kwenye lifti iliyokwama. Ua hilo chini lina viazi, na viazi hugawika: nusu akapewa mkunga, nusu ikabaki kupandwa kwa mtoto. Majirani wakaiga, na majirani wa majirani, mpaka ikawa kila nyumba ina ua lake na pacha wa ua hilo yuko hapa, nyuma ya gereji.

"Wote hawa ni watu?" Fundi aliuliza.

"Wote ni watu, baba. Wengine sasa wana vitambi."

Lakini presha ya macho ilikuwa inamla. Rangi alikuwa akiziona kama nguo iliyofuliwa mno. Nyekundu na zambarau hakuzitofautisha tena, na daktari alikuwa amemwambia asijipe moyo kwamba mwaka ujao utakuwa kama huu. "Nina ombi moja tu," alisema. "Wakichanua tena, niwaone wote, nimwite kila mmoja kwa jina lake kabla taa haijazimika."

"Na taa ikizimika, mama?"

"Nitawapapasa. Ila vibati vya huyu binti yangu vinanikata vidole, na herufi zimezama, kidole hakizipati. Simlaumu. Anajitahidi."

Fundi alirudi kibandani akiwa hana usingizi wala njaa. Alikuwa na mashine ya mkono, aliyoirithi kutoka kwa mjomba wake, ya kuandika vibati vya funguo: unazungusha gurudumu la herufi, unabonyeza, na herufi inainuka kwenye bati nene, laini, lisilo na ncha. Herufi ya kushikika! Alifumba macho, akapitisha kidole, akasoma. Ingekuwa wewe usingengoja hata asubuhi.

Heri angengoja.

Alipopata bati la kutosha, kiangazi kilikuwa kimeingia. Dalia zilinyauka zikakatwa, viazi vikalala ardhini, na tuta likabaki udongo mtupu wenye vibati. Fundi alifika mchana msichana akiwa kazini. "Mama, naomba nichukue vibati nikavitengeneze upya. Nataka nimshtukize mwenzangu." Mama mkunga, nusu yuko macho nusu kalala, akajibu, "Chukua baba, ilimradi urudishe." Fundi akaving'oa vyote, safu baada ya safu, akavitia kwenye ndoo, akavisafisha hapohapo bombani vikang'aa.

Alikuwa angali anavipangusa msichana alipoingia. Pochi ilimwanguka.

"Umefanya nini?"

"Navitengenezea vipya, mpenzi. Hata kimoja hakijapotea, hesabu mwenyewe."

"Majina hayajapotea! Maua je? Chini ya udongo huu KAJA NA MVUA ni yupi? MTOTO WA LIFTI ni yupi?"

Fundi alitazama ndoo. Akatazama tuta, jekundu, tupu, sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Ni kosa la mtu wa funguo. Kwake kibati ni kitu cha kutoa na kurudisha, maana ufunguo hata ukivuliwa jina unajitambulisha wenyewe kwenye kitasa. Kiazi cha dalia hakijitambulishi kwa mtu.

"Nani alikuruhusu?"

Mama alikuwa amelala kwenye kiti chake, mdomo wazi kidogo, miwani imeteleza hadi puani. Fundi alimwangalia.

"Hakuna. Nilijichukulia tu."

"Mama amebakiwa na mchanuo mmoja," msichana alisema. "Mmoja, Fundi. Sikumbuki yupi ni yupi, nilivitegemea vibati. Na yeye haoni rangi. Toka. Usinipigie."

Alipiga. Alipiga asubuhi, akapiga saa ya chakula. Simu iliita ikachoka. Mvua zikaja, na kwenye tuta vikatokea vichwa vya kijani, vyote vinafanana kama watoto wachanga kwenye wodi. Msichana aliwapalilia akilia, maana alimkasirikia na alimkosa, na sijui mzigo upi ulikuwa mzito zaidi. Dukani alimwuzia mtu dawa ya minyoo, machozi yakamlenga. Mteja akadhani anamhurumia.

Fundi naye alichapa vibati vipya vyote kwa herufi zilizoinuka, akakaa navyo kibandani bila kujua pa kuvichomeka. Mpaka akaja mzee mmoja na rundo la funguo zilizochanganyika.

"Sijui upi wa mlango upi," mzee alilalamika.

"Si shida, baba. Tunajaribu kwenye vitasa mpaka kimoja kikubali."

Akaweka tupa chini. Pacha! Kila ua lina pacha wake mjini, kwa mwenyewe.

Kuuliza si ujinga, lakini Fundi aliuliza hadi watu wakamwona punguani. Kila aliyeleta ufunguo aliulizwa: "Ndugu yangu, ulizaliwa mikononi mwa nani? Kwenu kuna dalia?" Wa kwanza kukubali alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili, mwenye ua kwenye kopo la rangi mlangoni mwa saluni. Kinyozi akampigia shemeji yake, shemeji akampigia mwalimu wa wanawe, mwalimu akampigia dada mmoja mwanasheria ambaye hakupenda kabisa kukumbushwa habari ya lifti. Simu zikazagaa mjini.

Jumamosi moja alasiri dalia zikiwa zimefunguka, msichana alisikia hodi. Akafungua mlango akiwa na gauni la nyumbani na mikono ina udongo.

Mlangoni alisimama kinyozi na vijana wawili warefu waliofanana, kila mmoja ameshika ua moja la zambarau. Nyuma yao, dada mwenye suti na ua jeupe la ncha za waridi. Nyuma yake wengine, wanaume wenye vitambi, mabinti wenye sare za kazi, mwanajeshi, mama aliyebeba mtoto, foleni ndefu imepinda ngazi za ghorofa na kupotelea mtaani. Kila mtu na ua lake mkononi. Mwishoni kabisa alikuwa Fundi, shati jipya, ndoo mkononi, mashine yake na bati kwapani, hathubutu kusogea.

"Tumekuja kutafuta ndugu zetu," kinyozi alisema.

Wakaingia kupitia jikoni, mmoja mmoja, wakipunguza sauti bila kuambiwa. Wakatembea kati ya safu wakilinganisha, ua kwa ua, ncha kwa ncha. Hapa mtu alicheka, pale mtu alipiga kelele, "Hili hapa!" Na kila aliyeona pacha wake alisimama kando ya shina. Msichana aliziba mdomo kwa mikono yenye udongo. Alikuwa amelala na kuamka na maua haya tangu utoto, na hakuwahi kuona yakiwa na watu wake.

Mama mkunga aliinuka. Akamshika wa kwanza uso, akasogeza miwani karibu hadi pumzi zikakutana.

"Lifti," alisema. "Ulitoka unapiga ngumi."

"Ndiyo, mama," mwanasheria akajibu, na akalia kama siku ile.

Aliwaita wote. Kila alipoita jina, Fundi alitoa kibati kwenye ndoo na kukichomeka, na mama alikipapasa na kukisoma kwa kidole. Hakuna aliyetaka kuondoka. Walibaki wamesimama kwenye bustani, watu na maua, mpaka mama akasema: "Na anisamehe mmoja wenu niliyemponza. Mimi ndiye niliyemwambia Fundi achukue vibati. Usingizi ulinipitia, nikakumbuka baadaye, nikaona aibu."

Msichana alimgeukia Fundi. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, na mama amelala?" Fundi alijibu akiangalia viatu.

"Wewe mtu wewe," alisema. Akamfuta Fundi jasho la uso na kumwachia udongo shavuni, mbele ya watu wote.

Ndoo ilikuwa tupu. Lakini karibu na bomba, pale vibati vilipooshwa, lilikuwa limeota shina ambalo hakuna aliyelidai. Mbegu ilijiangukia yenyewe. Ua lake lilikuwa la rangi ya shaba, kitu ambacho bustani ile haikuwahi kuwa nacho.

"Hili halina pacha," mama alisema. "Limezaliwa hapahapa. Liitweje?"

"Nipe mashine yako," msichana akamwambia Fundi.

Aliichukua, akampa mgongo, akazungusha gurudumu. Kacha. Kacha. Kacha. Kacha. Hakumwonyesha Fundi. Alikwenda moja kwa moja kuweka kibati kwenye kiganja cha mama yake, na watu wote wakasogea huku kidole kikipita polepole juu ya herufi.

Mama alirudia mara mbili kuhakikisha. Kisha uso wote ukamfunguka.

"Mkwe," alisoma.

Vigelegele vikapasua ukuta wa gereji. Fundi alisimama na mdomo wazi. "Lakini mimi... hata sijauliza."

"Nilikungoja uulize, ukawa unauliza mji mzima kasoro mimi. Unakataa?"

"Nikatae nina wazimu?"

Alipiga magoti akachomeka kibati, akakikandamizia udongo pande zote. Msichana alichuchumaa kando yake, bega kwa bega.

"Na nisikilize vizuri, mpenzi," alisema. "Hiki hakitolewi. Hata kwa kusafishwa."