Shamba Jeusi la Dativa

Pale Kibaoni, Ifakara, hakuna aliyewahi kusafisha shamba upesi kama Dativa. Kila mwaka, mpunga ukishaingia ndani, alichoma mabua yote mpaka shamba likawa jeusi kama sufuria ya kuni. Kisha alisimama pembeni, mikono kiunoni, akilitazama. Kwake, hilo ndilo lilikuwa shamba la mtu mwenye bidii.

Shamba la jirani yake, Waridi, lilipakana na lake. Waridi hakuwa anachoma. Mabua yake yalilala chini kiangazi chote.

"Dada Waridi, kiberiti kimekuishia?" Dativa alimtania. "Nikuazime changu? Hilo shamba la mvivu linanitia aibu."

"Baki nacho," Waridi alijibu. "Mabua yangu yana kazi."

Mwaka huu, mwanzoni mwa Agosti, Dativa alitia moto upande wa barabara. Alichagua alfajiri, kabla upepo haujaanza, ili moto usiruke kwa watu. Lakini moshi haukupanda juu. Ulitambaa chini, ukapita kwenye migomba, ukaingia nyumbani kwake.

Baada ya muda mfupi mumewe, Remigius, alikuja mbio shambani.

"Dativa! Eveline amebanwa!"

Eveline, binti yao wa darasa la nne, ana pumu. Walimkuta ameketi kitandani, mabega yakipanda na kushuka.

"Ma... ma..." Hakuweza kumaliza neno.

Waridi alikuwa ameshafika. Yeye ni mhudumu wa afya wa mtaa wao.

"Mtoto akishindwa kusema, hakuna kusubiri," alisema. "Hospitali, sasa hivi!"

Remigius aliwasha pikipiki. Eveline alilazwa siku mbili. Alirudi na dawa ya kuvuta kwa mdomo.

Dativa hakuwa na raha. Mwaka jana, wakati kama huu, Eveline alikosa shule wiki tatu. Mwaka huu kulikuwa na mtihani wa darasa la nne mwishoni mwa Oktoba. Akibanwa tena, ataukosa.

"Ni vumbi la kiangazi," alimwambia Waridi. "Kila mwaka ndivyo."

"Vumbi lipo. Lakini siku ile nani aliwasha moto?"

Dativa aliangalia kule shambani.

"Sikiliza, Mama Eveline. Asubuhi hewa ya chini ni baridi, haipandi. Milima iko huku, milima iko kule. Sisi tuko katikati, kama tumo ndani ya bakuli. Moshi unabaki humu humu. Una chembe ndogo ambazo macho hayazioni, nazo zinafika mpaka ndani ya mapafu. Mwenye pumu anaumia kwanza, lakini sote tunazivuta."

"Basi nitachoma mchana, upepo ukivuma."

"Umpelekee moshi mtoto wa mwenzio? Na moto ukikushinda?"

"Sasa mabua tuyafanye nini?" Remigius, aliyekuwa akiwasikiliza, aliuliza. "Tuyale?"

"Ng'ombe watayala," Waridi alicheka. "Wafugaji wanayatafuta. Yanayobaki, njooni niwaonyeshe."

Shambani kwake aliinama, akafunua mabua. "Shika hapo."

Dativa alishika. Udongo ulikuwa na unyevu, katikati ya kiangazi! Alitazama upande wake mweusi. Ardhi ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Na mimi nilikuita mvivu," alisema.

"Tena ukataka kuniazima kiberiti."

Walicheka mpaka Remigius akawashangaa.

Katika shamba la Dativa, upande wa mto ulikuwa bado haujachomwa. Dativa aliwapa wafugaji sehemu ya mabua. Mengine aliyatandaza, akapanda matikiti katikati yake. Nyumbani alinyunyiza maji kabla ya kufagia. Jirani akichoma, alifunga madirisha ya upande ule na kumweka Eveline ndani. Dawa ilikaa kwenye begi la shule, na mwalimu alijua. Eveline alikohoa siku mbili tatu, lakini hakubanwa tena.

Siku ya pili ya mtihani, Sylvester, mkulima wa jirani, alipita na baiskeli. Alisimama.

"Mama Eveline! Mwaka huu umezeeka? Shamba gani hili, mabua tele?"

Dativa aliweka mikono kiunoni, kama zamani.

"Hujayaona matikiti?"

Sylvester alitazama vizuri. Yalikuwa yamelala kwenye mabua, makubwa, ya kijani.

"Bila kumwagilia kila siku?"

"Mara moja moja tu."

"Na binti yako? Bado anaumwa kifua?"

"Yuko kwenye mtihani. Jana aliandika mpaka mwisho. Leo ameondoka asubuhi anaimba."

Sylvester akatikisa kichwa. Mfukoni mwake kiberiti kililia. Alikuwa anakwenda shambani kwake kuchoma mabua.

"Shuka kwenye baiskeli," Dativa alisema. "Hicho kiberiti nipe mimi. Sasa inama hapa, funua mabua, ushike udongo."