Buni za Kura

Msikilizaji, wewe ukimwona mumeo anafunga buni na tumbaku ndani ya kitambaa kipya, ungedhani anaenda wapi?

Gumato alijua. Kwao Waborana, mwanamume hubeba vitu hivyo akienda kuposa. Aliyemtia maneno zaidi ni Abshiro, muuza maziwa, jirani yake pale Garissa.

"Abaayo, dada yangu, mumeo leo amejipaka mafuta hadi vidoleni," alisema Abshiro. "Na huko misheni kila siku, anafuata nini?"

"Uza maziwa yako wewe."

Lakini wivu ulikuwa umeshamkaba. Ulikuwa mwaka 1967, wakati wa vita vya shifta. Giza likiingia, hakuna kutoka. Na mumewe, Kura, alikuwa akirudi nyumbani jua likizama, misheni mdomoni.

Siku hiyo Kura alipewa chai bila maziwa.

"Ng'ombe wamekauka?" aliuliza.

"Waulize wakwe zako wapya."

"Wakwe gani? Buni nimempelekea kaka yako, Abkul. Mimi nataka kuwa shemasi, Mama Galgalo. Padri alisema lazima mke akubali. Abkul amekukubalia."

Asubuhi Gumato alijitanda shuka, akaenda misheni mwenyewe. Kura akamfuata nyuma.

"Padri, huyo shemasi ni nani, hata aninyang'anye mume?"

Padri alimvutia kiti. "Shemasi hubatiza, huhubiri, hufungisha ndoa, huwahudumia maskini. Haadhimishi misa wala haungamishi. Zamani mwenye mke hakuruhusiwa. Mwaka huu Baba Mtakatifu ametoa sheria mpya. Maaskofu wa nchi wakiafikiana, naye akiidhinisha, mwenye mke anaweza. Lakini awe ametimiza miaka thelathini na mitano, ndoa yake iwe imekaa vizuri miaka kadhaa, na afundishwe kwanza."

"Na mke?"

"Akubali yeye mwenyewe. Kaka hawezi kumkubalia."

"Hata kaka mkubwa?" aliuliza Kura.

"Hata baba mzazi. Mama Galgalo akikataa, basi imekwisha."

Kura akatazama viatu vyake.

"Na mimi nikifa?" aliuliza Gumato.

"Akishapewa daraja hilo, haoi tena."

Gumato alimgeukia mumewe, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Haoi hata mjane?"

"Hata mjane."

Wivu ukalegea kidogo. Hata hivyo, akarudi nyumbani bila kusema ndiyo wala hapana.

Alasiri Kura alifunga buni nyingine katika kitambaa kilekile. Abshiro akachungulia juu ya ua. "Huyo anatoka tena, abaayo."

Kura hakutoka. Alivuka uwanja, akaketi chini mbele ya mkewe, akampa buni kwa mikono miwili.

"Mama Galgalo, nilikosea mlango. Nakuuliza wewe. Unanikubalia?"

Gumato alikifungua kitambaa taratibu, akazinusa buni. Kisha akamletea mumewe chai, akaitia maziwa, mengi, hadi ikapoteza rangi.

"Nimekubali. Kafundishwe. Ila mimi nilichotaka tangu mwanzo, Baba Galgalo, ni kuulizwa."