Kichapishi cha Msibani

Mwanga wa leza ulikimbia juu ya silinda, unga wa wino ukanasa palepale ulipopita, na karatasi ikatoka upande wa pili ina joto kama mkate. Lwitiko hakuwa ameandika lolote. Alisema tu, "Tangazo la kuuza mbuzi," na kile kichapishi kikatunga, kikapanga, kikachapa, mbuzi mwenyewe akasifiwa kuliko anavyostahili mbuzi yeyote.

"Hiki ndicho cha bei nafuu?" aliuliza.

"Ndicho," alisema Bi Sekela, mwenye duka. "Kile pale cha bei mbaya hakina akili. Kinachapa ulichokipa, basi. Hiki kina akili mnemba. Vichapishi vyote vya aina hii vinajifunza kutokana na vinachochapa majumbani kwa watu. Kampuni inapata hayo mafunzo, wewe unapata punguzo."

Yaani alipe zaidi ili apewe kijinga? Lwitiko alicheka, kwa mara ya kwanza tangu baba yake afariki.

Mbeya ya miaka hiyo watu walisoma kila kitu kwenye miwani, karatasi ikabaki kwa ajili ya misiba. Wasifu wa marehemu lazima uchapwe, kila mwombolezaji apate nakala, na msomaji ausome kaburini kutoka karatasini. Maduka ya uchapaji yalikuwepo, lakini huko habari zingewafikia baba zake wadogo kabla ya jeneza. Ndiyo maana alitaka mashine ya nyumbani. Baba yake, Mzee Mwakalinga, akiwa hoi kitandani, alimshika mkono akamwambia kwamba Tusekile, fundi wa mitambo ya jua kule Tunduma, ni binti yake wa nje ya ndoa. "Mtaje, mwanangu. Mimi nilishindwa."

Lwitiko aliahidi. Akampigia Tusekile simu: "Dada, njoo. Utatajwa mbele ya watu wote."

Wasifu aliuandika mwenyewe, akaurudia kwenye miwani mpaka akachoka nao. Kichapishi kikaomba ruhusa ya kuunyoosha. Akakiruhusu, maana Kiswahili chake cha maandishi hakukiamini. Nakala zilipotoka alitazama picha ya baba, akaona imekaa vizuri, akazifunga na kwenda nazo makaburini.

Kaburi lilichimbwa na roboti, lakini udongo hutupwa na watu. Kabla ya udongo, Lwitiko alisimama kusoma. Alisoma kuzaliwa, kubatizwa, shule, kazi ya reli. Akafika kwenye mstari aliokuwa akiuogopa, asiukute. "Marehemu ameacha mjane na watoto wanne," karatasi ilisema. Yeye aliandika watano, na jina la Tusekile halikuwepo popote.

Aliupitia mstari ule tena kwa kidole. Baba mdogo mmoja akakohoa. Mama yake alikuwa akimkazia macho mekundu, na nyuma ya wanakwaya Tusekile alikuwa amenyoosha shingo ili asikie vizuri. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Hofu ikamshika.

"...na watoto wanne," alisoma, akaendelea na mstari uliofuata.

Waombolezaji walipopungua nyumbani, alimvuta Tusekile mpaka chumbani, mbele ya mashine. Aibu ilimchoma, akaifunika kwa hasira.

"Nani alikuambia ufute jina?" alikifokea kichapishi.

"Sikukosea," kilijibu kwa upole. "Katika nyumba nyingi, mtoto wa nje huandikwa kwenye wasifu, kisha familia hurudi kumfuta na kuchapa upya. Nimejifunza kwao. Nilikuokolea karatasi."

"Umesikia mwenyewe, dada? Mimi niliandika. Ni hili dubwana!"

Tusekile alikuwa ameishika nakala yake, imeshalowa jasho la viganja.

"Nimesikia," alisema. "Najua uliandika, kaka, na nakuamini. Lakini pale kaburini uliniona. Jina langu unalijua. Mashine ilikuwa huku nyumbani."

Akaenda mlangoni, akainama kuvaa viatu vyake. Nyuma ya Lwitiko kichapishi kikauliza kama kimtungie barua ya kuomba radhi.