Rafiki Niliyemwambia Mimi ni Msichana

Nina miaka thelathini na sita, nashona nguo hapa mjini Wote, na sijaoa. Kila Jumapili akina mama wa kanisani huniombea nipate mke… Laiti wangejua!

Wasomaji wenzangu, nilizaliwa mvulana, kule Zombe. Mama hakujaliwa binti, kwa hivyo alinifunza mimi kusuka vyondo, vile vikapu vyetu vya kamba. Kwetu hiyo ni kazi ya wanawake. Nyuzi za mkonge husokotwa juu ya paja, na ukisokota sana paja hubaki laini, bila unywele hata mmoja. Mama alinionya nisuke ndani tu, mlango ukiwa umefungwa.

Alidhani nasuka kwa kumhurumia na kazi nyingi. La! Nikisuka nilijiona msichana kamili, na moyo ukatulia. Huko nje nilikuwa naigiza. Nani angenielewa?

Nilipofika miaka kumi na minne nikamweleza Kioko. Tulichunga mbuzi pamoja tangu utotoni, hakuna niliyempenda kumshinda. Nilimwambia yote, nikamsihi asiseme. Akaapa kwa jina la mama yake.

Basi wavulana wakubwa shuleni wakaanza kumchokoza Kioko, eti kwa nini haachani na mimi, nilivyo laini. Aliingiwa na hofu. Siku moja tukiwa tumetumwa pamoja na wavulana hao kuteka maji mtoni, alinishika kwa nyuma, akapandisha kaptura yangu, akawaonyesha paja langu laini.

"Huyu anaitwa Syokau," akasema. "Ameniambia mwenyewe yeye ni msichana."

Walicheka hadi wakakaa mchangani. Nami, Mungu anisamehe, lile jina la kike lilinipendeza… Kilichoniumiza ni mdomo uliolitaja!

Habari zilimfikia baba. Alinichapa, akamchapa na mama, vyondo vyote akavichoma. Shule nikaiacha. Ningekaa vipi darasani na wale?

Jioni ya siku niliyochapwa, Kioko alikuja hadi kwenye ua wetu, analia.

"Sasa mimi ningefanya nini?" akaniuliza. "Wangesema hata mimi niko hivyo."

Nilirudi ndani, na urafiki wetu ukaishia hapo.

Vijana, nawasihi, msimfungulie mtu moyo eti kwa sababu mmekua pamoja. Mtazameni kwanza siku anayochekwa yeye. Akiogopa sana kicheko cha watu, atakuuza, hata kama anakupenda… Kioko alinipenda, najua.

Na wewe uliyeaminiwa siri ya mwenzako, kwani umebebeshwa mzigo gani? Sikumwomba Kioko anielewe. Hata mimi sikuwa najielewa. Nilimwomba anyamaze tu!