Meza ya Bi Bahiat

Ndugu zangu, nawasimulia habari za nyumba moja ya Mutsamudu. Sikusudii kuisengenya. Nasimulia kwa sababu maradhi yaliyoipata yamo katika nyumba nyingi za visiwa vyetu, na wengi walio nayo hawajijui kuwa ni wagonjwa.

Ilikuwa miaka ile ya bunduki za kukodiwa, wakati askari wa Kizungu walipokuwa wakilinda ikulu mjini Moroni na kila mwenye cheo akitamani kuonekana kando yao. Kwetu Anzuani siku zilikwenda kwa utulivu. Katika uchochoro mmoja wa mji wa kale, Fakri alikuwa na karakana yake ya useremala, na juu ya karakana palikuwa na chumba cha mama yake, Bi Bahiat. Kila asubuhi randa ilipita juu ya ubao, na mama akaisikiliza akiwa kitandani. Marehemu mumewe, Fundi Attoumane, alikuwa amefanya kazi chini ya chumba hicho tangu siku ya harusi yao, kwa hiyo Bi Bahiat aliweza kutambua kwa sikio tu kama mti ulio chini ya randa ni mkavu au mbichi.

Bi Bahiat alikuwa ameteleza katika ngazi za mawe na kuumia nyonga. Alianza kupata nafuu. Aliweza kuketi, na kwa kushika kitu imara aliweza kusimama kwa ajili ya sala. Lakini kando ya kitanda hapakuwa na kitu cha kushika, na gilasi ya maji, dawa na msahafu vilikaa chini juu ya mkeka. Kila alipoinama kuvifikia, alilipa kwa maumivu.

Siku moja akamwita mwanawe. "Fakri, nitengenezee meza ndogo ya kando ya kitanda. Iwe sawa na godoro kwa kimo, na iwe na ukingo, gilasi isiteleze."

"Nitakuchongea maua kwenye miguu yote, mama."

"Maua ya nini, mwanangu? Nataka meza, sikuagiza mimbari. Nipe mguu wa tatu utakaonisaidia kusimama."

Loutfia, dada yake Fakri ambaye ndiye aliyemuuguza mama, alicheka hadi akamwaga uji.

Fakri akaitwaa akiba ya baba yake. Fundi Attoumane alikuwa ameacha mbao za mfenesi chini ya paa, zimepangwa kwa fito katikati ili hewa ipite, na zilikuwa zimekauka kwa miaka. Wenye kuujua mfenesi wanajua rangi yake, manjano inayogeuka dhahabu kila msasa unapopita. Fakri alichonga ncha za miguu kuwa ndimi, zikaingia katika matundu yake bila nyundo, kwa kusukuma kwa kiganja tu. Akasugua, akapaka vanishi, akasugua tena. Meza ilipokamilika, akaiweka mlangoni ikauke kabla ya kuipandisha juu.

Laiti angeipandisha siku ile ile!

Kwani alipita Soulé, karani kutoka Moroni aliyekuwa amekuja Anzuani kwa shughuli za serikali. Soulé alikuwa mkalimani wa Wazungu wa kambi, na alikuwa akijiandaa kwa ndoa yake kubwa. Mnajua desturi ya Ngazija, kisiwani kwao: bwana harusi hupeleka samani katika nyumba ya bibi harusi, nazo hubebwa barabarani kwa ngoma, mji mzima ukitazama na kuhukumu.

"Fundi, hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya mama yangu. Yu mgonjwa."

"Mgonjwa ataitazama kwa jicho gani? Nipe hii, na unifanyie pacha wake. Maofisa wenyewe watakuwapo siku hiyo. Moroni nzima itauliza: nani fundi wa meza hizi? Mama yako mfanyie nyingine. Hakimbii yule!"

Fakri alitazama meza, akatazama dari ambayo juu yake mama alikuwa amelala. Kisha akasema kwamba pacha itakuwa tayari kabla ya harusi.

Mbao kavu za baba zilitosha meza mbili, hazikutosha tatu. Baada ya kumaliza pacha ya Soulé, Fakri alinunua kwa wachana mbao mti uliokatwa karibuni, ungali na utomvu wake, akautumia kutengeneza meza ya mama. Sura ilikuwa ile ile. Akaupaka vanishi nzito, akaipandisha meza ghorofani akitabasamu. Bi Bahiat akapitisha kiganja juu yake, akamtazama mwanawe kwa muda, akasema, "Ahsante." Hakusema zaidi.

Loutfia ndiye aliyesema. Wiki zilipopita utomvu ukaanza kupenya katika vanishi na kunata kwenye msahafu, na miguu ikaanza kucheza.

"Kaka, meza inayumba."

"Sakafu haiko sawa. Weka karatasi chini ya mguu."

"Nimekwisha weka. Bwana harusi wa watu umempa mti wa baba, na mama umempa mti wa jana. Au ni kwa sababu meza yake haitapita barabarani?"

"Dada, nikirudi kutoka harusini Moroni nitaikaza. Una ulimi mkali kuliko patasi."

"Patasi angalau hufanya kazi iliyoagizwa," Loutfia akajibu, akachukua ndoo yake akaenda zake.

Wasomaji, angalieni: mtu huyu hakuwa mwovu. Alisali, alimpa mama yake chakula, na kila alipomwamkia alitanguliza "kwezi" kama adabu yetu inavyotaka. Alichokosea ni jambo moja tu. Alikuwa ameanza kuyapima mambo kwa macho ya wapita njia.

Siku ya harusi Fakri alikuwapo Moroni. Kitanda kilitangulia, kabati likafuata, kisha zikaja meza mbili, zimebebwa juu ya vichwa, ziking'aa kwa jua la alasiri. Wanawake walipiga vigelegele. Mlangoni kwa bibi harusi, mzee Tadjidine, mjomba wa bibi harusi, aliinua mkono msafara usimame. Akazishika meza, akasukuma pembe zake, hazikutikisika.

"Hii ni kazi!" akasema. "Bwana Soulé, meza hizi zimetoka wapi?"

Fakri akasogea mbele. Hii ndiyo saa aliyoinunua.

"Zimetoka Ufaransa, Mjomba," Soulé akajibu, huku akiwatupia jicho maofisa waliosimama kivulini. "Zimeteremka kwa meli."

"Ni kazi ya mikono yangu!" Fakri akapaza sauti. "Mfenesi huu ni wa baba yangu, wa Mutsamudu!"

Umati ukageuka. Bi Echat, shangazi wa bwana harusi, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Karibu, Mfaransa wetu! Meli yako umeifunga wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Soulé hakugeuza shingo. Ngoma zikaanza tena, na meza zikaingia ndani ya nyumba ambayo Fakri hakuwa na ruhusa ya kuingia.

Alasiri hiyo hiyo, Mutsamudu, Bi Bahiat aliusikia mwito wa sala. Loutfia alikuwa ameshuka kuteka maji ya udhu. Mama akaweka viganja viwili juu ya meza yake, akaiegemea ili asimame. Ndimi za miguu, zilizokuwa zimesinyaa, zikachomoka katika matundu yake. Loutfia alimkuta sakafuni kati ya vipande, nyonga imevunjika kabisa safari hii.

Fakri aliposhuka katika uwanja wa ndege wa Ouani, jirani aliyekuja kumpokea hakumtania hata kidogo, naye Fakri akajua kwamba kuna jambo. Alipanda ngazi za nyumba yao bila kuvua viatu.

Bi Bahiat alikuwa amelala, shavu juu ya mto, akitazama ukuta. "Umerudi?" akauliza. "Watu walizionaje meza?"

"Walisema ni nzuri."

"Alhamdulillahi."

Fakri akapiga magoti. "Mama, mti wako ulikuwa mbichi."

"Nilijua siku ya kwanza. Randa ya mti mkavu huimba. Yako ilikuwa imenyamaza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nikisubiri uniambie wewe."

Fakri alinunua mbao bora za mfenesi, akazipanga chini ya paa kwa fito katikati, kama alivyofundishwa na baba yake. Kila siku alizipitishia mkono. Lakini mti haukauki kwa toba, wala hauharakishwi na machozi. Bi Bahiat hakusimama tena, na kabla mbao hazijakauka, aliaga dunia. Ubao wa kwanza uliotolewa katika rundo lile ulikatwa kuwa kiunza cha kumfunikia kaburini. Fakri aliupiga randa mwenyewe. Ulikuwa mbichi bado, na hakuna aliyeona kosa, kwani kwa kiunza mti mbichi hutosha.

FUNZO

Katika shule ya bweni niliyosomea, mkaguzi hakutazama shuka iliyotandikwa juu ya kitanda. Aliinama, akatazama uvunguni. Tulimwona mkali. Leo namwombea dua, kwa kuwa jamii yetu imeacha kuinama. Tunapeleka mti mkavu barabarani na kuingiza mti mbichi nyumbani. Tunavaa nguo mpya mbele ya wageni na kuwaachia wazazi wetu masalio. Na sifa tunayoitafuta kwa namna hiyo, mwingine huichukua mbele ya macho yetu.

Basi wewe uliye na mama kitandani, mpe kilicho bora kwanza, nacho kipite uchochoroni bila ngoma. Na kama umekwisha kumpa kibovu, panda ngazi leo ukamwambie. Huenda anajua, naye anakusubiri.